Makao Mapya Katika Nyumba ya Kale: Maisha Yetu Kijijini Ufaransa

Wengi wetu tukisikia jina la Ufaransa huona mbele ya macho mnara wa Eiffel, manukato na mavazi ya fahari. Picha zinazotufikia ni hizo. Lakini nchi ile ina komuni zaidi ya 34,000, kila moja na meya wake na ofisi yake, na nyingi kati ya hizo ni vijiji vya watu mia chache tu: kanisa la mawe, ofisi ya meya yenye bendera mlangoni, mnara wenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918, na safu ya nyumba ambazo nyingine hazijafunguliwa madirisha kwa miaka mingi. Katika kijiji cha namna hiyo ndiko tunakoishi, baba, mama na watoto watatu, na sasa ni majira yetu ya nne ya baridi.

Ndugu na marafiki hutuuliza maswali mawili. La kwanza ni la upweke: huko mnaongea na nani? La pili ni la vyombo: nyumba kubwa hivyo ya mawe mliijaza kwa fedha gani? Sisi tumeona kwamba maswali hayo mawili ni swali moja. Vitu vyetu vingi vilikuja kwa mikono ya watu, na havikuja mpaka watu hao walipotujua.

Nchi ya waashi na wake zao

Kazi ya uuguzi ya baba watoto ndiyo iliyotuleta Creuse, mkoa mdogo katikati ya Ufaransa ambako wauguzi na madaktari hutafutwa sana. Mwaka 1851 wakazi wa Creuse walikuwa zaidi ya 280,000. Leo hawafiki 120,000. Vijana walikwenda mijini, wazee wakabaki, na ndiyo sababu nyumba ya kale huku huuzwa kwa bei ambayo Paris isingekupatia hata chumba kimoja cha kulala.

Kwa muda mrefu wanaume wa Creuse walikuwa waashi. Kila mwaka majira ya baridi yalipokwisha walifunga mizigo na kwenda Paris, Lyon na miji mingine kujenga majumba ya watu, kisha wakarudi baridi ilipoanza tena. Martin Nadaud, aliyezaliwa mwaka 1815 na ambaye baadaye alikuwa mbunge, alikwenda Paris kwa miguu pamoja na baba yake mwaka 1830, akiwa kijana wa miaka 14. Waashi hao wana sifa zao katika vitabu. Wake zao hawatajwi sana, lakini wao ndio waliobaki kulima, kukamua ng'ombe, kulea watoto na wakwe, na kuuza ndama sokoni. Mama yeyote ambaye mumewe aliwahi kwenda machimboni au kwenye mashamba ya mkonge na kumwachia nyumba anaijua habari hiyo bila kuisoma.

Nyumba tuliyonunua ilikuwa ya mwashi. Imejengwa kwa mawe ya granaiti, ndugu wa yale majabali ya Mwanza, na kuta zake zina unene unaozidi nusu mita. Sakafu ya juu ni mbao za mchesnati, mti ambao mbegu zake kubwa za kahawia huchomwa na kuliwa wakati wa baridi. Chini kuna moko mkubwa kiasi kwamba mtoto anaweza kusimama ndani yake. Tulipokabidhiwa ufunguo, jikoni hapakuwa na kitu chochote ila karo la jiwe chini ya dirisha. Msishangae: Ufaransa hutokea mwenye nyumba akahama na makabati yake ya jikoni, na kumwachia mnunuzi karo na bomba la maji.

Ukuta kwanza au jikoni kwanza?

Hapa ndipo penye jambo lililotuweka mezani usiku mwingi. Akiba yetu ilitosha kufanya jambo moja kubwa. Mama wa nyumba alitaka jikoni pakamilike, kwa kuwa kupikia familia ya watu watano juu ya jiko la mitungi lililowekwa juu ya sanduku si kazi ya mzaha. Baba alitaka kuta zitazamwe. Miaka ya nyuma mmoja wa wenye nyumba alipiga lipu ya saruji ndani, na katika chumba cha watoto lipu hiyo ilikuwa inatoa maji na madoa meusi ya ukungu. Mdogo wetu ana pumu. Ilipofika Novemba alikuwa akikohoa kila usiku.

Aliyetufafanulia ni mwashi mstaafu anayeishi ng'ambo ya barabara. Alikuja siku moja kuuliza kama tuna kuni, akagonga ukuta kwa ngumi mara mbili tatu, akatikisa kichwa. Nyumba za zamani, alisema, hazina kizuizi chochote kati ya msingi na udongo. Maji hupanda kidogo kidogo ndani ya ukuta, na kwa kuwa mawe yameunganishwa kwa udongo na chokaa, unyevu hupata njia ya kutoka na kukauka. Ukiziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Huendelea kupanda, hulowanisha ukuta wote, mwisho hujitokeza chumbani pamoja na ukungu. Dawa ni kubandua saruji, kuuacha ukuta ukauke, na kupiga lipu ya chokaa.

Wasomaji wa Unguja na Lamu hapo wanatabasamu. Nyumba zao za kale za mawe ya matumbawe na chokaa hutaka malezi hayo hayo, na mafundi wa huko wamekuwa wakionya juu ya saruji kwa miaka mingi. Tuliposikia neno chokaa tulijisikia tuko karibu na nyumbani kuliko tulivyotarajia.

Daktari naye alituambia waziwazi kwamba ukungu huzidisha pumu. Basi tukakubaliana: ukuta kwanza, moto pili, vitanda tatu, na jikoni pangoje. Tuseme kweli, makubaliano hayo hayakumfurahisha kila mtu. Kwa miezi mingi mama alipika juu ya lile sanduku, na kuna jioni ambazo hatukuongea mengi wakati wa chakula. Lakini watoto wote watatu tuliwahamishia kwenye chumba kimoja kikavu, saruji ikabanduliwa, na katika majira ya joto ukuta ukapigwa chokaa na mwashi yule akishirikiana na baba. Tangu hapo chumba kile hakijatoa ukungu, na kikohozi cha usiku kimepungua sana, ingawa dawa ya pumu bado iko mezani.

Moto una kanuni zake

Kwetu kuni ni kuni. Huku kuni ni hesabu. Huuzwa kwa kipimo kiitwacho stère, yaani lundo la ujazo wa mita moja kwa mita moja kwa mita moja, na wauzaji waaminifu hukwambia zimekatwa lini. Mwaloni unahitaji karibu miaka miwili kukauka. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo, na huacha masizi ya lami ndani ya dohani, ambayo siku moja yanaweza kushika moto. Agiza wakati wa machipuko. Ukingoja Oktoba utapata mbichi, tena kwa bei ya juu.

Dohani lazima isafishwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, naye hukupa cheti ambacho kampuni ya bima inaweza kukuuliza nyumba ikiungua. King'ora cha moshi ni lazima katika kila nyumba tangu mwaka 2015. Sisi tuliongeza kingine cha kutambua hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, ile ile inayoua watu kwetu wanapolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, na nyumba iliyofungwa vizuri dhidi ya baridi ndiyo inayoihifadhi.

Jambo jingine tulilojifunza kwa wazee ni kwamba nyumba kubwa haipashwi moto yote. Wakati wa baridi familia huishi katika chumba kimoja. Jua likizama unafunga vibao vya mbao vya nje ya madirisha, unavuta mapazia mazito, unaweka gunia la mchanga lililoshonwa kama nyoka chini ya mlango. Matajiri wa zamani walifunika kuta kwa vitambaa vizito vya sufu vilivyofumwa kwa picha, na vile vya mji wa Aubusson, ambao uko mkoani kwetu, ni mashuhuri kiasi kwamba mwaka 2009 ufundi wake uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi hatukuwa na Aubusson. Tulikuwa na mablanketi, nayo yalifaa.

Salamu kabla ya yote

Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na moja jioni limekwisha kuzama. Baba alipokuwa zamu ya usiku na watoto wako shuleni, mama wa nyumba aliweza kukaa siku nzima bila kusikia sauti ya mtu mzima. Kama kuna mama anayejiandaa kuhamia mahali kama huku, ajue kwamba baridi huzoeleka haraka kuliko ukimya.

Mlango wa watu wa huku hufunguliwa kwa salamu. Ukiingia duka la mikate, neno la kwanza ni "Bonjour, Madame", kabla hujataja mkate. Ukianza na shida yako utahudumiwa, lakini kwa uso wa mawe, na wageni wengi huondoka wakiamini kwamba Wafaransa wana kiburi. Sisi tuliolelewa kwa hodi na shikamoo hatuna haja ya kufundishwa jambo hilo, na kwa maoni yetu ni moja ya baraka za malezi yetu. Watoto wetu walimsalimu kila mtu barabarani, hata mzee aliyekuwa juu ya trekta. Baada ya mwezi mmoja kijiji kizima kiliwajua kwa majina.

Kuna adabu nyingine ndogo. Mtu mzima usiyemzoea huitwa kwa "vous", neno la heshima, na usiharakishe kulibadili kuwa "tu", mwenyewe atakuambia. Maduka hufungwa saa sita mchana hadi saa nane, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Ukialikwa kwa vinywaji kabla ya chakula, fika dakika kumi baada ya saa iliyotajwa, na kama hunywi pombe sema tu, utapewa maji ya matunda bila maswali. Chukua maua ukipenda, ila usichukue krisantemu: hayo ni ya makaburini, na tarehe 1 Novemba utayaona kila kaburi.

Jirani yetu wa karibu kabisa ni bibi mjane aliyepita miaka 80. Kwa wiki kadhaa tulimwona tu kwa pazia lililokuwa likitikisika. Siku moja ya Jumamosi tulikaanga maandazi, tukamfunikia sahani kwa kitambaa na kumtuma binti mkubwa. Jumatatu sahani ilirudi, nayo haikurudi tupu. Ilikuwa na keki ya njugu za hazeli, ile ambayo watu wa Creuse wanajivunia. Tulicheka, maana hatukujua kama desturi ile ya kwetu ilikuwa imefika na huku.

Tangu hapo alasiri za Alhamisi zimekuwa za kwake. Ametufundisha mkate wa viazi wa Creuse, yaani viazi vyembamba na krimu ndani ya unga uliokandwa kwa siagi. Sisi tumemfundisha pilau, nayo aliipenda baada ya kupunguza pilipili manga. Na mazungumzo yake yalitushangaza. Alizaliwa kabla wanawake wa Ufaransa hawajapiga kura. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 29 Aprili 1945, katika uchaguzi wa madiwani. Alipoolewa, mke hakuruhusiwa kufungua akaunti ya benki wala kufanya kazi ya kuajiriwa ikiwa mumewe anapinga. Sheria ilibadilishwa tarehe 13 Julai 1965. Anasema fedha ya mayai aliiweka ndani ya kopo la kahawa, na mumewe alilijua kopo hilo miaka yote bila kuligusa, na kwamba hilo ndilo lililomfanya amheshimu.

Kanisa la kijiji pia liliwahi kutushangaza. Makanisa yaliyojengwa kabla ya sheria ya mwaka 1905 ni mali ya komuni, kwa hiyo paa likivuja anayehangaika ni meya, na watu wasiosali kabisa huchangia kwa kuwa mnara ule ni wa kijiji. Padri mmoja hutunza vijiji vingi, misa huzunguka, na mapadri kadhaa wanaohudumu vijijini Ufaransa siku hizi wametoka Afrika. Kengele ya kanisa letu hulia kila siku, misa huja mara moja kwa mwezi au pungufu. Zamu ya maua na kufagia ni ya akina mama wanne, na wa nne sasa ametoka kwetu.

Mitumba ya Ufaransa

Tuje kwenye vyombo. Kuanzia machipuko hadi mwanzo wa Oktoba, karibu kila Jumapili kuna kijiji kinachofanya "vide-grenier", maana yake kumwaga vitu vya darini. Wanakijiji hupanga meza barabarani na kuuza vyao vilivyotumika. Sheria humruhusu mtu wa kawaida kuuza hivyo mara mbili tu kwa mwaka, kwa hiyo wengi wao si wafanyabiashara, na bei hupanda au kushuka kulingana na mazungumzo. Fika mapema kwa vitu bora. Fika saa kumi alasiri kama unataka bei nzuri, kwa sababu hakuna anayependa kurudisha kabati nyumbani.

Sahani zetu zote zimetoka huko. Limoges, mji mkubwa wa karibu, unatengeneza vyombo vya kauri nyeupe tangu karne ya 18, na seti za bibi zimejaa madari ya mkoa mzima. Vijana hawazitaki kwa sababu ukingo wa dhahabu hauingii katika mashine ya kuoshea vyombo. Sisi tunaosha kwa mkono, basi tunakula katika sahani za wakubwa.

Mahali pa pili ni Emmaüs, jumuiya zilizoanza mwaka 1949. Wanaoishi humo, wengi wao watu waliokosa makazi, hukusanya vitu vilivyotolewa, huvitengeneza na kuviuza, na hujitegemea kwa mauzo hayo. Mwanzilishi wake, padri aliyejulikana kama Abbé Pierre, aliheshimiwa nchi nzima kwa sababu ya wito wake redioni tarehe 1 Februari 1954, wakati watu wasio na makao walikuwa wakifa kwa baridi. Mwaka 2024, miaka 17 baada ya kifo chake, Emmaüs yenyewe ilitangaza ushuhuda wa wanawake waliosema aliwadhulumu kijinsia. Akina mama wa kijijini walilizungumza jambo hilo kwa uchungu mkubwa, na wengine walitaka kuacha kununua huko. Sisi tunaendelea, kwa kuwa anayeparuza rangi ya meza leo ndiye anayekula kwa fedha ya meza hiyo. Tunaona pia kwamba waliotangaza habari hiyo walifanya vema kuliko kama wangeificha.

Kwa anayenunua vitu vya zamani, haya ndiyo tunayotazama. Kitanda cha kale cha Kifaransa mara nyingi kina upana wa karibu sentimita 120, na godoro la kawaida la watu wawili leo ni 140 kwa 190. Pima kabla ya kutoa fedha, la sivyo utapata kitanda kizuri kisicho na godoro. Mbao zenye vitundu vidogo zimeliwa na fukusi. Gonga kwa mkono juu ya karatasi nyeupe: ukidondoka unga mpya mweupe, wadudu bado wako kazini, na kitu hicho kisiingie ndani mpaka kitibiwe. Tazama chaga na maungio kwa tochi kutafuta kunguni, maana Ufaransa nayo ina kunguni, na mwaka 2023 Paris nzima ilikuwa ikiwazungumzia. Godoro la kuzungushwa mitaani hatununui hata likiwa bure. Wala vitu vya umeme vya zamani, hasa taa zenye waya wa kitambaa.

Mbao zikisha kupona, kazi yake ni ya nyumbani. Uchafu hutolewa kwa sabuni nyeusi na maji kidogo, kisha kitu hukaushwa kivulini. Halafu nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini hupakwa kwa kitambaa, huachwa usiku mmoja, na asubuhi husuguliwa kwa sufu. Fanyeni hivyo madirisha yakiwa wazi na mbali na moto, na kitambaa kilichotumika kiwekwe nje. Watoto wetu wakubwa wanajua kazi hiyo, na wa pili anapenda harufu yake kuliko keki.

Kabati la bibi harusi

Kitu cha thamani kuliko vyote hatukukinunua sokoni. Zamani, katika sehemu nyingi za Ufaransa, binti alipokaribia kuolewa wazazi wake walimchongeshea kabati kubwa la nguo, nalo lilikwenda naye kwa mumewe likiwa limejaa mashuka na taulo zilizohesabiwa kwa dazeni. Kila shuka ilitiwa herufi za jina lake kwa uzi mwekundu, kazi aliyoianza yeye mwenyewe tangu utotoni. Bibi harusi wa pwani na kasha lake la misumari ya shaba wangeelewana vizuri na binti huyo.

Siku hizi makabati hayo hayana soko. Ni makubwa, ni meusi, hayaingii katika nyumba za mjini, na bei yake imeanguka mpaka kabati la mwaloni la miaka mia na zaidi huweza kuuzwa chini ya lile la mbao za kusaga kutoka dukani. Bibi jirani alikuwa na la mama yake. Watoto wake, walio mbali, walishamwambia kwamba halina pa kuwekwa kwao. Kwa miaka miwili alituonyesha kabati hilo, akatuonyesha mashuka, akafunga mlango, na hakusema lolote. Sisi pia hatukuuliza. Kitu cha namna ile hakiombwi.

Majira ya machipuko ya mwaka wa tatu alisema tulichukue. Zawadi alikataa kuiita. Alitaja bei ndogo na kupokea fedha hiyo kwa mkono wake, akaweka na sharti: mashuka yasitolewe. Tukaogopa jinsi ya kulipitisha, kwa kuwa ngazi yetu ni nyembamba na kabati lina urefu wa zaidi ya mita mbili. Mwashi mstaafu akacheka. Kabati la kweli la zamani halina msumari. Limeunganishwa kwa vijiti vya mbao, na ukivigonga kwa nyundo ya mbao kwa utaratibu, taji hutoka, milango hutoka, ubavu hutoka, na kila kipande hupita mlangoni chini ya kwapa la mtu mmoja. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Bibi alikaa kwenye kiti akihesabu vijiti, 16, na kuvitia katika mfuko wa aproni yake mpaka vilipohitajika tena.

Yale mashuka ni ya kitani kizito, magumu mwanzoni, na hulainika kila yanapofuliwa. Mawili yaliyochakaa tuliyageuza mapazia kwa idhini yake. Mengine tunayalalia, na herufi nyekundu za mwanamke ambaye hatukumwona kamwe ziko karibu na mashavu yetu. Binti mkubwa amekwisha anza kutia herufi zake kwenye foronya, kwa kujitakia, chini ya mafundisho ya bibi siku za Alhamisi.

Na jikoni? Kabati la jikoni lilipatikana mwaka huo huo wa tatu, la formika ya rangi ya manjano, mtindo wa miaka ya 1950, lenye droo ya mkate. Euro 40, na mwuzaji akasaidia kulipakia. Mama ndiye aliyelichagua, na baba hakusema neno juu ya rangi yake. Lile sanduku la kupikia sasa linatunza kuni ndogo kando ya moko. Kilichobaki ni chumba cha juu cha wageni, chenye kitanda cha mwaloni cha upana wa sentimita 120 tulichokipata Emmaüs. Bibi anasema anamfahamu mama mmoja upande wa Felletin ambaye bado anajua kuchambua sufu na kushona godoro kwa kipimo, na ametuahidi kumwuliza baada ya Pasaka.